Halbadiri ya Pweza

Chake Chake, Pemba
Jumanne, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpenzi, Shehe Rajab Mjaka,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naanza kwa kukuuliza hali, Kaka, maana ndivyo tulivyofunzwa, ijapokuwa leo mkono wangu una haraka ya kufika pengine. Mguu unaendeleaje? Kile kidonda kimekauka? Natumai barua hii itakukuta barazani na kikombe cha kahawa kisicho sukari, kama alivyoamrisha daktari, wala si kile kingine unachokunywa shemeji akitoka kwenda kwa jirani. Usikatae, habari zako zote zavuka maji zaja huku. Mama naye vipi, kifua kimempa nafasi ya kulala? Sisi hatujambo kwa uwezo wake Mola. Nadhira anakusalimu sana, anasema ule mhogo uliomletea mbegu umeshika vizuri, na watoto wazima, isipokuwa yule mdogo ambaye ameanza kuugomea uji na hatujui amefundishwa na nani.

Utashangaa kuletewa karatasi na simu unayo mfukoni. Wallahi nimejaribu simu. Mara ya kwanza ulikuwa msikitini. Mara ya pili nilikupata, na unakumbuka mwenyewe tulichozungumza: bei ya dagaa, harusi ya watu wa Kengeja, na mvua. Tulipoagana nikabaki nimeishika simu, na neno nililokupigia bado liko kooni. Kutuma sauti nako sikutaka. Sauti leo unampelekea kaka yako, kesho inasikilizwa mpaka Msuka, ncha ya pili ya Pemba. Karatasi utaisoma peke yako kwanza, na ukighadhibika huwezi kunikatia njiani.

Najua mnangoja neno langu. Mzee Nyange, mwenyekiti wa kamati yenu ya bahari, ameniletea ujumbe kuwa Ijumaa baada ya sala mtakaa, na kwamba wanataka kusikia kwa Profesa: Matano Masika ndiye aliyeiba pweza katika mwamba uliofungwa, ama siye? Nikisema ndiye, mama yake, Bi Tatu, atapigwa marufuku kushuka pwani yeye na nyumba yake yote, leo na siku zote, na wewe ndiye utakayelitangaza hilo mbele za watu. Bi Tatu hana shamba wala duka. Ana ule mti wake wa kuchokolea pweza, na ana mwamba. Basi barua hii ndiyo jibu langu. Siwezi kulitoa kwa mkato, maana likitolewa kwa mkato utadhani nimeugua kichwa.

Kwanza hilo jina la Profesa. Mimi ni mhadhiri tu, Kaka, nafundisha elimu ya bahari katika chuo kidogo, na uprofesa sijaunusa. Lakini mlipoanza kuniita hivyo huko kisiwani sikumrekebisha hata mtu mmoja. Nilisema moyoni, waache wafurahi. Aliyefurahi alikuwa mimi.

Matano wewe unamjua tangu akiwa mtoto katika chuo chako cha Kurani, anasoma juzuu amma. Mimi nilimjua alipoingia darasani kwangu, na mwanzoni nilijisifu naye: kijana wa Kisiwa Panza kwetu, yumo katika darasa langu, amekaa mstari wa mbele. Ukoo wao umetoka bara zamani kwa ajili ya karafuu, na Kipemba chake ni kizito kuliko changu mimi niliyezungukazunguka, lakini unawajua watu wetu: siku za heri Matano ni mwenzetu, siku ya ugomvi wanamkumbuka babu yake alikotoka. Ni mzamiaji hodari. Nilipouanza ule mradi wa kufunga mwamba nikamfanya msaidizi wangu.

Ana tabia moja yenye kuchosha, nayo ni kwamba hajui kusema uongo hata ule wa adabu. Siku moja Nadhira alimkaribisha chakula, akamwuliza kama mchuzi umekolea. Akajibu kwa heshima zote, macho chini, kuwa ndimu imepungua na chumvi nayo imezidi kidogo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa. Mimi nilikasirika, na sikujua ninakasirikia nini.

Unakumbuka nilivyokuja na huo mradi. Nilisimama pale skuli na picha zangu ukutani, nikawaambia kina mama wauache mwamba upumzike, pweza wazae na wakue, kisha siku ya kufungua watavuna mavuno ambayo bibi zao hawakuyaona. Bi Tatu alinyanyua mkono akauliza watakula nini katika kungoja. Nikamwonyesha mchoro wa mstari unaopanda juu. Watu wakapiga makofi, naye akakaa. Wakafunga. Wakala mhogo kwa chumvi miezi yote ile, wakawa wanalindana wao kwa wao, na hakuna mwanamke aliyeukanyaga mwamba hata maji ya bamvua yalipotoka yakauacha mtupu kabisa. Sijaona watu kuamini neno la mtu namna ile.

Karibu na siku ya kufungua nilikuja na boti kuutazama mwamba, na jioni yake nikawaambia wazee kuwa pweza wamejaa, nimewaona kwa macho yangu. Ndipo mkaalika wageni, mkapika biriani, kina mama wakashona sare. Siku ile hunihitaji mimi kukuhadithia. Walishuka wakiimba wakarudi kimya. Vikapu vilikuwa na tupweza tudogo twa kutia aibu, na vingine havikuwa na kitu. Mzee Nyange aliniuliza mbele ya kipaza sauti, tena kwa upole, kulikoni. Wageni wakanitazama. Nami nikasema pweza walikuwepo, na kama leo hawapo basi yuko mtu aliyewatoa.

Neno hilo lilitoka kinywani kwangu, Kaka. Mwizi wenu alizaliwa pale.

Siku ya pili yake Matano alikuja ofisini. Alisimama, hakukubali kiti, akaniuliza swali moja. Nitakwambia ni swali gani nikifika huko, nivumilie. Nilimwambia hana adabu, akatoka. Wiki haikwisha akarudi na swali lile lile, sauti ile ile ya chini. Nikamwambia nina kazi. Ijumaa akaja nyumbani na mtungo wa changu kwa ajili ya Nadhira, akacheza na watoto, akala, akaomba ruhusa ya kuondoka, na alipokuwa anavaa viatu akaniuliza tena. Basi ikawa ndiyo hivyo. Ninaandika ubaoni, nikigeuka namkuta amenitazama, na maneno yananipotea katikati ya sentensi mbele ya wanafunzi wote. Nikitoka nje namwona getini. Nilianza kutokea mlango wa nyuma, wa jikoni, mimi mtu mzima mwenye mvi, napita baina ya masufuria na wapishi wananiamkia.

Hakunitisha hata siku moja. Hakupandisha sauti, hakuwaambia wenzake, hakuomba kitu. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mtu anayetaka kitu unampa, mambo yanakwisha. Nadhira aliponiuliza mbona silali vizuri nikamwambia kuna mwanafunzi ananiandama kwa ajili ya alama. Kisha nikaenda kwa mkuu wa idara nikamwambia kuwa Matano ana matatizo, na kwamba ingefaa atazamwe. Neno "matatizo" ni zuri sana, Kaka, halidai ushahidi. Wakamhamisha darasa. Alikubali bila ya neno, na mimi nikaona nimepumua.

Siku chache baadaye nikavuka kuja kumwangalia Mama. Naingia uani namkuta Matano juu ya paa la jiko, anamtilia Mama makuti mapya. Nilijua amekwisha kumwambia. Nilimkalia Mama muda wote ule nikimtazama uso, na yeye mwenyewe anasifu tu, kijana huyu kapata malezi, kila akija likizo anampitia, anamtekea maji. Hakuwa amemwambia hata herufi. Alinisindikiza mpaka kwenye boti na mkoba wangu begani kwake. Nilipokwisha kukaa akanikabidhi mkoba, akaniuliza lile swali, akaisukuma boti.

Sasa nije kwenye Halbadiri. Watu walitaka mwizi aapizwe, na wewe hukuwa na haraka, nakumbuka. Ulisema Halbadiri si mchezo, mtu aulize kwanza, atafute kwanza. Ukamtuma Mzee Nyange aje kwangu kuniuliza kama ninamshuku mtu. Nikamwambia mimi simtuhumu mtu. Halafu nikaongeza kwamba, hata hivyo, ni kweli nilipata kumwona Matano asubuhi pale penye mwamba na mtumbwi, tena si mara moja. Mzee Nyange akatikisa kichwa akasema na wengine wamemwona. Sikusema uongo, Kaka. Nilimwona kweli. Kwa nini nilimwona, nitakwambia huko mbele.

Alhamisi ile baada ya alasiri nilikuwa katika duara lako. Chetezo nilikishika mimi. Ulisoma majina ya watu wa Badri mpaka sauti ikaanza kukutetemeka, ukaomba aliyekula haki ya wanyonge ajulikane na asipate raha, na sisi tukaitikia amin. Mimi niliyesoma ng'ambo, niliyekuwa nikikutania kwa hayo mambo yenu ya ubani, nilikiinamisha chetezo hata majivu yakamwagika mkekani. Mwenzangu wa pembeni akadhani ni moshi umenizidi. Matano alikuwa amekaa karibu na mlango. Naye aliitikia amin. Niliiona midomo yake ikitamka.

Yaliyofuata unayajua. Msimu wa karafuu ukaingia, Matano akaenda kuchuma huko upande wa Kengeja ili apate cha kumalizia mahari, tawi likakatika naye, akaanguka kwa mgongo. Kabla hajafikishwa hospitali habari zilikwisha kuvuka maji: Halbadiri imempata. Watu wa Khairat, mchumba wake, wakarudisha posa kabla ya Ijumaa ya pili. Msichana, nasikia, alilia akafungiwa ndani. Bi Tatu akitoa salamu mferejini wenzake wanainama kwenye ndoo zao. Palipotokea msiba mtaani, akapika chungu chake kama ilivyo desturi akakipeleka, na chungu kikarudi na chakula chake kimejaa vile vile. Haya ameniambia Mama, kwa masikitiko, lakini hata yeye akamalizia kwa kusema, mwanangu, Halbadiri haikosi mtu.

Juzi ya juzi nilikwenda hospitali kumtazama. Nisikudanganye kuwa nilikwenda kwa huruma. Nilikwenda kujua kama amesema.

Amelazwa karibu na dirisha. Miguu haina habari. Daktari anasema ni mapema kukata tamaa na ni mapema kutumaini. Katika wodi ile kila kitanda kina jamaa wamekizunguka na vyombo vyao vya chakula, kwake hapana mtu ila mama yake, naye alikuwa ametoka kwenda kufua. Aliponiona alijaribu kujiinua aniamkie, nikamzuia. Akaniuliza habari za Mama, kama paa lilivuja. Nikamwambia halivuji. Nilikaa nikingoja lile swali, nimejitayarisha na hasira yangu yote. Hakuliuliza. Aliniambia, na maneno yake nayaandika kama alivyoyasema:

"Mwalimu, sikuulizi tena. Nshajua kwa nini imenipata miye. Nilijua hakuna mwizi, nkakaa pale mlangoni nkaitikia amin. Watu wakamwapiza ntu asiyekuwepo na miye nnajua, nkanyamaza. Sasa ingempata nani? Mwombe Shehe anisamehe. Mwambie nilimnyamazia."

Nikamwambia inshallah. Ndilo jibu nililompa, Kaka. Inshallah, na pumzika mwanangu, na nikatoka nikapanda gari yangu.

Sasa utakuwa umelijua swali. Kila alipokuja, ofisini, nyumbani, bandarini, alikuwa akiniuliza, "Mwalimu, utawaambia lini?"

Hapakuwa na mwizi. Hakuna mtu aliyeingia katika mwamba ule. Kina mama wenu waliulinda kwa uaminifu wote, na pweza hawakuja. Bahari ina mambo yake. Pengine maji yalikuwa ya moto mwaka ule, pengine mwamba wenyewe niliuchagua vibaya. Hilo ningeweza kulisema, watu wangenilaumu wiki mbili wakasamehe. Lakini nilikuwa nimewaambia kuwa nimewaona pweza kwa macho yangu, na mimi, Kaka, sikuona kitu. Masikio yangu yameharibika tangu mwaka juzi, daktari amenikataza kuzamia kabisa. Sikumwambia mtu, hata Nadhira. Mwalimu wa bahari asiyeweza kutia kichwa ndani ya maji, nani angemsikiliza? Siku ile nilikaa katika boti na mwavuli. Aliyezamia ni Matano. Alipanda, akashika ubavu wa boti, akaniambia, "Mashimo matupu, Mwalimu." Nikamwambia hajatazama vizuri, arudi. Akarudi tena na tena, mpaka midomo ikambadilika rangi, na kila akipanda ananiambia lile lile. Mwisho nikamwambia kijana hajui kazi, nikamrudisha nchi kavu, na jioni nikawaambia nyinyi wamejaa.

Na ule mtumbwi wa asubuhi, ni mimi niliyekuwa nikimtuma. Maboya ya kuonyesha mpaka yalikuwa yanakatika, namwambia aende akayafunge kabla watu hawajaamka, wasije wakasema mradi wa Profesa umeanza kulegea. Nilimwona kwa sababu nilikuwa nimesimama ufukweni namngoja. Nusu hiyo ndiyo niliyomficha Mzee Nyange.

Yeye angeweza kusema tangu siku ya kwanza. Angesimama tu pale siku ya kufungua akasema mimi ndiye niliyezamia. Lakini umepata kumsikia nani akimwita mwalimu wake muongo, mbele ya wageni, mbele ya mama yake? Alitaka niseme mwenyewe, ili heshima yangu ibakie. Alinipa nafasi kila mara, na mimi kila mara nikamwona adui. Nimemkosea kijana yule, Kaka. Nimemkosea kwa kiasi ambacho sijui nitakibeba vipi.

Jana nikarudi hospitali. Sikuingia wodini. Nilimfuata Bi Tatu kule nyuma kwenye kamba za kuanikia, nikamwambia yote haya, nimesimama, yeye anakamua shuka. Hakuacha kukamua. Nilipokwisha nilidhani atanitukana, na kwa kweli ndicho nilichokitaka. Akaitandaza shuka kwenye kamba, akaivuta pembe zikae sawa, ndipo akaniambia, "Kwamba mwanangu si mwizi miye nlijua, kwani nlimzaa. Hapo hujanipa kitu, Mwalimu. Kawambie wasoniitikia salamu." Akachukua beseni lake akaenda zake.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Naomba Ijumaa, baada ya sala, kabla kamati haijakaa, uisome barua hii mbele za watu, yote, usipunguze neno. Hata yale ya sukari, ukitaka. Mimi nitavuka kwa boti ya kwanza na nitakuwa nimekaa mstari wa mbele. Mkuu wa chuo nimekwisha kumwambia leo asubuhi. Atakaloamua juu yangu nitalipokea. Nadhira pia anajua. Tangu jana chakula ananiwekea, kisha anatoka.

Najua utakalosema. Utasema mdogo wangu, sitara ni bora, mwombe Mungu msamaha kwa siri, tutafute njia ya taratibu. Ungesema hivyo kwa mapenzi. Lakini hii sitara yangu, Kaka, ni nguo ya mtu mwingine. Tumemvua Matano, nikavikwa mimi. Na najua pia kuwa nakutia katika mtihani, maana watu watakugeukia wakuulize, hiyo Halbadiri uliyoisoma ilimpiga nani? Sijui kama ilifanya kazi au haikufanya, hilo liko baina yako na Mola wako. Ninalolijua ni kwamba tawi lilikuwa bovu, na kwamba wewe ulisoma kwa nia njema juu ya neno langu, na neno langu lilikuwa la uongo. Lawama isikupate wewe. Ikikupata, waambie wanitazame mimi, nitakuwa pale pale mbele yao.

Ikiwa huwezi kuisoma, sitakulaumu. Nipe kipaza sauti nitaisoma mwenyewe, ijapokuwa naogopa, na sauti yangu sijui kama itafika mwisho.

Na kwa Matano nitakuwa na nini cha kumpa, sijui. Ametaka nimwombee msamaha kwako. Nimekufikishia, kwa sababu niliahidi. Natumai utakwenda mwenyewe hospitali ukamwambie kwa kinywa chako kwamba hana kosa, maana mimi nikimwambia atadhani namliwaza tu. Nenda na watu, Kaka. Kizungukeni kitanda chake.

Nimalizie hapa, karatasi inakwisha na adhana ya magharibi inakaribia. Mfikishie Mama mkono wangu, na asije akayasikia haya kutoka msikitini kupitia dirishani. Mwambie wewe kwanza, umkalie karibu. Msalimie shemeji na watoto wote, wakubwa na wadogo. Msalimie Mzee Nyange, mwambie asitoke Ijumaa kabla hatujaonana. Wasalimie kina mama wa mwambani, kila mmoja, uwaambie waliulinda vizuri.

Bi Tatu atavuka Alhamisi asubuhi kuja kuchukua nguo za mgonjwa, na atapita mferejini pale wakati wanawake wote wapo wanateka. Salamu za kumfikishia yeye kwa niaba yangu sikupi, sina haki hiyo bado. Nakuomba tu uwepo, Shehe wao, na akitokea tu juu ya njia, umwamkie wewe wa kwanza, kwa sauti, usingoje akuamkie yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Ashraf Mjaka